Blanketi la viraka lenye matamvua: matatizo yanayojirudia na namna ya kuyatatua

Blanketi hili hushonwa kinyume cha mazoea. Kwenye nguo za kawaida mshono hufichwa ndani. Hapa huachwa juu, ukingo wake hukatwakatwa kwa mkasi, kisha maji na msuguano huchanua nyuzi mpaka kila kiraka kizungukwe na matamvua laini. Mshonaji anataka kitambaa kichakae, ila kichakae hadi mahali fulani tu na kisivuke hapo. Ndiyo maana malalamiko mengi kuhusu mablanketi haya huishia kwenye mambo mawili: aina ya kitambaa, na umbali kati ya mshono na ukingo. Yachunguze hayo kabla ya kulaumu cherehani.

Vipimo nitakavyotumia ni hivi. Viraka vya juu na vya chini vina sentimita 25 kwa 25. Nafasi ya mshono ni sentimita 2.5 kila upande. Kiraka cha ndani, yaani tabaka la kuleta joto, kina sentimita 19 au 20, kisiingie kwenye mshono. Matabaka matatu hupangwa na kushonwa alama ya X katikati ili yasihame; hayo matatu pamoja ndiyo seti moja. Kisha seti mbili huunganishwa migongo ikitazamana, kingo zitokeze upande wa juu. Kila seti ikishashonwa hubaki sentimita 20, kwa hiyo seti 48 zikipangwa 6 kwa 8 hutoa blanketi la sentimita 120 kwa 160, mbali na tamvua la pembeni. Kama vipimo vyako ni vingine si kosa, mradi hesabu iende sawa.

"Nimefua, matamvua hayatoki"

Hili ndilo lalamiko la kwanza kwa wingi. Sababu zake, kuanzia iliyo ya kawaida zaidi:

Umefua mara moja tu. Flaneli (kitambaa chenye manyoya laini) ya pamba tupu huanza kuchanuka kwenye mfuo wa kwanza na kupendeza kwenye wa pili au wa tatu. Pamba ya kawaida isiyo na manyoya huchelewa zaidi, na jinzi huchelewa kuliko zote. Fua tena kabla ya kufanya jambo lolote jingine.

Umelikausha kwa kulianika bila kuligusa. Maji peke yake hayachanui nyuzi. Msuguano ndio unaofanya kazi kubwa. Mashine ya kukaushia huusaidia sana. Asiye nayo alipige blanketi hewani kwa nguvu likiwa bado na unyevu, kisha apitishe brashi safi ya nguo kwenye matamvua, kutoka kwenye mshono kwenda nje. Arudie likikaribia kukauka. Inachosha mikono, lakini matokeo huonekana siku hiyohiyo.

Mikato imeachana sana au ni mifupi. Kwa flaneli, acha kama sentimita 1 kati ya mkato na mkato. Kwa jinzi shuka hadi milimita 7 hivi. Mkato wenyewe uishie milimita 3 kabla ya mshono. Ukipima na kukuta mikato yako inaishia katikati ya ukingo, irefushe. Ukikuta imeachana sentimita 2, ongeza mkato mmoja katikati ya kila miwili. Dosari hii hurekebishika hata baada ya kufua, na watu wengi hukata tamaa kabla ya kuijaribu.

Kitambaa kimechanganywa na polista. Kwa macho ni vigumu kujua, hasa kwa mabaki ya nguo za zamani. Kipimo cha zamani ni moto: chomoa uzi mmoja, ushike kwa kibanio cha chuma juu ya sinki lenye maji, mbali na nguo na nywele zako, uuwashe. Pamba huungua upesi, hunuka kama karatasi inayoungua na huacha jivu laini linalosagika kwa kidole likishapoa. Polista huyeyuka, hujikunja na kuacha kidonge kigumu. Mchanganyiko huonyesha dalili za vyote viwili. Ukikuta polista nyingi, kubali kwamba matamvua yatakuwa machache na magumu. Hakuna mfuo utakaobadilisha hilo.

Kitambaa kimefumwa kwa kubana sana. Mashuka laini yenye nyuzi nyingi na batiki nyingi huwa hivyo. Ni pamba halisi, lakini nyuzi zimeshikana na hazitaki kuachana. Vinafaa kwa upande wa chini, si kwa juu.

Kiraka kilikatwa mshazari. Ukingo unaofuata mtande (nyuzi za urefu) au mshindio (nyuzi za upana) huachia nyuzi zake kwa urahisi. Ukingo uliokatwa mshazari huzikamata, kwa kuwa kila uzi umepitiwa na mwenzake. Chomoa uzi mmoja pembeni: ukitoka mrefu, ukingo umenyooka na nyuzi, ukikatika vipande vifupi, umekata mshazari. Kwa blanketi lililokwisha, piga brashi na uvumilie. Kwa linalofuata, nyoosha kitambaa kwanza kwa kuchomoa uzi mmoja toka upande hadi upande, ndipo ukate kwenye mstari uliobaki.

Mwisho kabisa, huenda kitambaa hakikufumwa kwa mtande na mshindio. Tisheti hujikunja ukingoni, flisi (kitambaa laini kinene cha sintetiki) hubaki ilivyo. Flisi inakubalika kama tabaka la chini kwa ajili ya ulaini, ila usiitegemee ikupe matamvua.

"Mishono inafumuka, kuna matundu"

Hapa tukae zaidi, kwa sababu ndilo tatizo linaloua blanketi zima, na karibu kila mara lingeweza kuonekana kabla ya maji kuligusa.

Kabla ya mfuo wa kwanza, shika kila mshono kwa mikono miwili dirishani au mbele ya taa, uuvute kidogo kwa pembeni. Mwanga ukipenya mahali, weka pini. Pitia mishono yote, ya kulala na ya kusimama. Stichi moja iliyokatwa ni kazi ya dakika mbili leo. Ukifua nayo, uzi utaendelea kuteleza na pande zote mbili za kitambaa zitachanuka hadi ndani ya kiraka.

Sababu ya kawaida kuliko zote ni mkasi kugusa mshono. Hutokea zaidi kwenye makutano ya viraka vinne, pale ambapo kingo za mshono wa kwanza zimelazwa chini ya mshono wa pili. Mkataji huona rundo la vitambaa, hukata rundo lote kwa pamoja, na ncha ya mkasi hupenya mpaka kwenye stichi asizoziona. Kwenye makutano kata tabaka moja moja au mawili mawili, ncha ya mkasi ikiwa mbele ya macho yako. Mkasi mfupi wenye springi na ncha butu hukata kitambaa kinene bila kuzidi ulipokusudia.

Pili ni mwanzo na mwisho wa mshono kutorudishwa nyuma. Kila mstari wa blanketi hili huishia ukingoni, na ukingo ndio unaovutwa kila siku. Rudisha stichi tatu au nne kila mwanzo na kila mwisho, hata pale unapojua kuwa mshono mwingine utapita juu yake.

Tatu, nafasi ya mshono ni ndogo. Ukishona sentimita 1 kutoka ukingoni na kitambaa kikawa cha kufumwa kwa ulegevu, kuchanuka kutafika kwenye stichi baada ya mifuo michache. Sentimita 1.25 ndicho kiwango cha chini ninachokubali kwa flaneli iliyoshikana. Sentimita 2.5 hunilaza usingizi.

Nne, mkazo wa uzi. Geuza blanketi uangalie upande wa pili wa mshono. Uzi wa chini ukiwa umelala kama mstari ulionyooka na unaweza kuuchomoa mrefu, hauna mshiko wowote. Vuta kwanza uzi wa juu utoke wote, uutunge upya, ndipo urekebishe mkazo kwenye kipande cha majaribio chenye idadi ileile ya matabaka.

Tano, uzi wenyewe umeoza. Rili iliyokaa miaka mingi huwa dhaifu bila kuonyesha. Kata kipande, kishike kwa mikono miwili na ukivute ghafla. Uzi mzuri hupinga kwanza ndipo hukatika, uzi uliooza huachia palepale. Usiutumie uzi huo hata kwa bandi, yaani mshono wa muda.

Sasa matengenezo. Kama ni stichi tu zilizokatika na kitambaa ni kizima, kunja blanketi migongo itazamane kama ulipounganisha mara ya kwanza, tenga matamvua kwa vidole, kisha shona juu ya mstari uleule. Anza sentimita 2 kabla ya pengo na umalizie sentimita 2 baada yake, kwa stichi fupi ya milimita 2. Kama mkasi umevuka mshono na kuingia kwenye kiraka kwa milimita chache, sogeza mstari mpya ndani kwa milimita 4 au 5 mahali hapo, uurudishe polepole kwenye mstari wa zamani kwa mteremko wa sentimita 5 kila upande. Macho hayatauona mpindo huo chini ya matamvua.

Tundu likizidi hapo, weka kiraka kidogo cha kitambaa kilekile upande wa chini, kingo zimekunjwa ndani, ukishone kwa mkono kwa stichi ndogo. Kufumua seti nzima na kuweka nyingine kunawezekana, lakini kingo zilizokwisha kuchanuka hazirudi kuwa kingo, utashona ukijikisia. Blanketi likiwa limeshonwa kwa nguo za mtu aliyefariki, au ni la zamani na vitambaa vinapasuka ukivigusa, simama hapo. Usilifue tena wala usilifumue. Mpelekee fundi mwenye uzoefu wa kutengeneza nguo za kale, kwa sababu kila jaribio lako linampunguzia kitambaa cha kushikia.

"Mshono mmoja umetokea upande wa chini"

Seti mbili ziliunganishwa nyuso zikitazamana. Kama hujakata mikato, fumua mshono huo tu na uushone upya. Kama umekwisha kukata na safu zimeunganishwa, nakushauri uuache, ukate vizuri na ufue. Matamvua ya upande wa chini hayadhuru kitu, ilhali kufumua mistari mitatu ili kuokoa mmoja hulegeza kitambaa pande zote. Kwa siku zijazo, bandika pini upande wa juu wa kila seti kabla ya kuanza kuunganisha.

"Pembe za viraka hazikutani"

Pima viraka vitano ambavyo hujavishona. Vikitofautiana zaidi ya milimita 3, tatizo ni ukataji: pengine kitambaa kilikunjwa mara nyingi mno na tabaka la chini likateleza, au rula ilisogea. Kisu cha gurudumu hukata sawasawa zaidi kuliko mkasi, ila makali yake hayasamehe. Kata ukisukuma kuelekea mbali na mwili, vidole vikiwa nyuma ya ukingo wa rula, na ufunge makali kila unapokiweka mezani, hata kwa sekunde chache.

Viraka vikiwa sawa, angalia nafasi ya mshono. Bandika utepe wa karatasi kwenye bamba la cherehani, yaani chuma kilicho chini ya sindano, sentimita 2.5 kutoka kwenye sindano, uufuate huo badala ya kukisia kwa macho.

Na vyote viwili vikiwa sawa, kitambaa cha juu kinasukumwa na mguu wa cherehani unaokibana, huku cha chini kikivutwa na meno yaliyo kwenye bamba. Flaneli hupenda sana kufanya hivi. Dalili yake ni kwamba mshono unaanza vizuri na kuishia na sentimita nzima ya ziada upande mmoja. Bana pini kwenye makutano kwanza, kisha katikati, kisha sehemu zilizobaki, na kila panapokutana mishono fungua kingo zilale huku na huku badala ya kuzilaza upande mmoja. Ukiweza kupata mguu unaotembea, ule unaosukuma kitambaa cha juu sambamba na cha chini, utaondokana na sehemu kubwa ya usumbufu huu. Tofauti ya nusu sentimita kwenye blanketi lililokwisha haihitaji kufumuliwa, matamvua huifunika.

"Cherehani inaruka stichi, inakata uzi au inavunja sindano"

Badilisha sindano. Hilo ndilo la kwanza, hata kama iliyopo inaonekana nzima. Namba 90/14 inatosha kwa flaneli. Kwa jinzi tumia 100/16 iliyotengenezwa kwa jinzi. Hakikisha imeingia hadi juu kabisa na upande wake bapa umetazama kunakotakiwa na cherehani yako.

Ondoa manyoya. Flaneli humwaga vumbi la nyuzi kuliko kitambaa chochote kingine ninachokijua, na vumbi hilo hujikusanya chini ya bamba, katikati ya meno na ndani ya kesi ya bobini, yaani kigurudumu cha uzi wa chini. Chomoa waya wa umeme, fungua bamba, safisha kwa brashi ndogo kavu. Usipulize kwa mdomo, maana unyevu wa pumzi hubaki kwenye chuma na manyoya huingia ndani zaidi. Kwa blanketi moja kubwa, safisha kila unapobadilisha bobini mbili au tatu.

Uzi ukijikusanya rundo chini ya kitambaa, tatizo liko juu. Inua mguu, toa uzi wote wa juu, uutunge upya mguu ukiwa bado umeinuliwa. Mguu ukiwa chini, visahani vya mkazo vimejibana na uzi haukai katikati yake.

Kisha angalia unene. Kwenye makutano ya viraka vinne kuna matabaka 8 ya kitambaa, na kama tabaka lako la ndani ni flaneli yenye ukubwa sawa na vya nje, ni 12. Cherehani ya nyumbani inaweza kuyapita, lakini polepole. Ongeza urefu wa stichi hadi milimita 3 au 3.5, zungusha gurudumu kwa mkono kwenye mwinuko, na weka kitambaa kilichokunjwa nyuma ya mguu ili mguu ukae usawa usipande kama anayekwea ngazi. Usivute kitambaa kwa nyuma kuisaidia mashine. Sindano hupinda, hugonga chuma na kuvunjika, na kipande kinaweza kuruka usoni. Anayeshona jinzi nene avae miwani.

Acha kabisa na uite fundi wa cherehani ukiona mojawapo ya haya: harufu ya kuungua au moshi, cheche kwenye kanyagio, gurudumu limekwama hata baada ya kusafisha, au sindano mpya iliyofungwa vizuri bado inagonga chuma. Dalili hiyo ya mwisho, au kuruka stichi kusikokoma hata kwenye kitambaa chepesi, mara nyingi humaanisha kwamba ndoano ya chini na sindano hazikutani tena kwa wakati. Kuzipatanisha ni kazi ya mwenye vifaa na uzoefu. Chomoa kwenye umeme na usifungue sehemu ya mota.

"Ukingo wa nje unapinda mawimbi"

Mara nyingi ukingo ulivutwa wakati wa kushona. Sababu nyingine ni viraka vya pembeni kukatwa mshazari, au mguu wa cherehani kukandamiza mno. Laza blanketi sakafuni. Kama mikato bado, fumua mshono wa pembeni, nyunyizia maji kidogo, piga pasi ya mvuke kwa kubonyeza bila kuburuta, bana pini kuanzia pembe kwenda katikati, piga bandi, ndipo ushone. Shona mistari miwili iliyoachana milimita 3 kuzunguka blanketi lote. Ukingo wa nje hauna kiraka jirani cha kuushikilia na unahitaji msaada huo. Mawimbi madogo kwenye blanketi lililokwisha kukatwa hupungua yenyewe baada ya mfuo, pamba ikisinyaa.

"Rangi imehamia kwenye viraka vyeupe"

Usilikaushe. Usilipige pasi. Joto hukazia doa. Lirudishe palepale kwenye maji mengi yenye sabuni, likiwa limeachwa huru lielee, na ubadilishe maji mpaka yabaki meupe. Karatasi za kunasa rangi zisaidie zikiwepo. Watu hupendekeza chumvi na siki. Kwenye vitambaa vya pamba vilivyotiwa rangi kiwandani havizuii rangi kutoka, na muda unaopotea ndio ungetumika kusuuza.

Dawa ya klorini huondoa doa na rangi ya kiraka kwa pamoja, na hudhoofisha pamba. Na kamwe usiichanganye na siki wala amonia, kwani hutoa gesi ya sumu.

Kinga yake ni rahisi. Kabla ya kukata, bonyeza kitambaa cheupe kilicholowa kwenye kila kitambaa kizito rangi, hasa chekundu na jinzi ya bluu iliyokolea. Kikiacha alama, kifue peke yake kwanza. Vingine unaweza kuviacha bila kufuliwa, kwa kuwa kusinyaa kwake baadaye huongeza unono wa viraka. Ila usichanganye vilivyofuliwa na visivyofuliwa kwenye kiraka kimoja: kimoja kitasinyaa, kingine kitabaki, na utapata mikunjo isiyonyooka.

"Tabaka la ndani limejikusanya pembeni"

X ilisahaulika, au stichi zake zimekatika, au umetumia pamba ya kujazia mito badala ya ile iliyotandazwa kama shuka nzima. Soma maelezo ya pamba yenyewe, kwani kila aina hutaja umbali mkubwa unaoruhusiwa kati ya mistari ya kushona. Kurekebisha bila kufumua: lipapase tabaka kwa vidole toka nje ulirudishe mahali pake, libane kwa pini, kisha funga mafundo ya uzi imara yanayopenya matabaka yote, yameachana sentimita 8 hadi 10. Ni kazi ya mkono na hudumu.

"Mashine ya kufulia imeziba manyoya"

Mfuo wa kwanza wa blanketi hili hutoa manyoya mengi kupita matarajio ya mtu. Kabla ya kufua, litoe nje ulikung'ute kwa nguvu mpaka vipande vilivyolegea viishe. Mwenye pumu avae barakoa au ampe mwingine kazi hiyo. Lifue peke yake. Mzunguko ukiisha, safisha chujio la mashine kabla ya kuweka nguo nyingine. Anayefua kwa mikono achuje maji kwa kitambaa chepesi kabla ya kuyamwaga kwenye bomba la maji machafu.

Mashine ya kukaushia ndiyo ya kuangaliwa zaidi. Manyoya makavu ya pamba hushika moto upesi. Isimamishe kila baada ya dakika 10 hadi 15, toa manyoya kwenye chujio, endelea. Usiiwashe ukalala wala ukatoka nyumbani.

Blanketi kubwa la jinzi likilowa huwa zito kuliko uwezo wa mashine nyingi za nyumbani. Mashine ikigonga, ikitetemeka na kuhama, au ikishindwa kuzunguka, izime, toa maji, na ulipeleke blanketi kwa dobi mwenye mashine kubwa. Maji yakikwama ndani hata baada ya kusafisha chujio, au ukisikia harufu ya kuungua, chomoa umeme na uite fundi.

"Ni gumu na zito mno"

Fua mara mbili zaidi kabla ya kuamua. Kama bado, ni matabaka: jinzi juu na chini pamoja na pamba nene ndani ni nyingi mno. Kwa linalofuata, ondoa tabaka la ndani kabisa au weka flaneli upande wa chini.

"Kiganja na kidole gumba vinauma wakati wa kukata"

Blanketi la seti 48 lina mikato elfu kadhaa. Igawe kazi kwa siku, tumia mkasi wenye springi, noa au badilisha mkasi butu, na kata matabaka manne badala ya manane kwa wakati mmoja. Ganzi, vidole kuwasha kama sindano, au maumivu yanayokuamsha usiku ni ishara ya kuacha na kumwona daktari.

"Nyuzi zinachomoka, na blanketi ni la mtoto mchanga"

Vuta matamvua kwa vidole sehemu mbalimbali baada ya mfuo wa pili na wa tatu. Nyuzi ndefu zinazotoka zenyewe ziondoe. Zilizoshika zikate fupi, usizivute kwa nguvu. Zikiendelea kutoka nyingi kila mfuo, kitambaa ni chepesi mno kwa matumizi hayo, na blanketi lipewe mtu mkubwa.

Mtoto aliye chini ya miezi 12 asilazwe na blanketi lililo huru, hata liwe zuri namna gani. Litandike chini achezee juu yake akiwa macho na mtu mzima akiwa karibu. Baada ya kuchezea, angalia katikati ya vidole vyake vya mikono na miguu, kwa kuwa uzi mmoja mwembamba unaweza kujizungusha na kuzuia damu. Ukiuona waziwazi, ukate. Kidole kikiwa kimevimba, kimebadilika rangi au uzi umezama kwenye ngozi, mpeleke hospitali papo hapo bila kuupekua.